Nairobi hadi New York bila kutua: tathmini ya safari ya saa 15

Safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York ilianzishwa na Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, miezi 20 baada ya Marekani kuipa Kenya daraja la kwanza la usalama wa anga. Umbali wake ni takribani kilomita 11,830, na ndege aina ya Boeing 787 huchukua saa 15 hivi kwenda na saa 14 hivi kurudi. Nimeisafiri pamoja na mama yangu, mwenye umri wa miaka 71, aliyekuwa anakwenda kumwona mjukuu wake.

Miaka ya nyuma nilimpitisha njia ya nauli nafuu, kwa shirika jingine na uwanja wa kuunganishia ambao sitautaja. Tulikaa pale saa tisa juu ya viti vya chuma, lango la kuondokea likabadilishwa mara mbili, na tulipofika Marekani miguu ya mama ilikuwa imevimba hata viatu vikakataa kuingia. Tangu siku hiyo naamini kwamba saa zinazotajwa kwenye tiketi hazilingani zote: saa ya kukaa angani haimchoshi mzee kama saa ya kukimbizana na lango.

Safari hii tuliondoka usiku. Mama alilala, akaamka, akaitazama ramani kwenye kioo cha kiti, kisha akaniuliza, “Mwanangu, bado tuko Afrika?” Tulikuwa tumeruka zaidi ya saa sita, na jibu lilikuwa ndiyo. Ukipima njia fupi kabisa juu ya mviringo wa dunia, nusu yake huangukia karibu na Marrakech, kwa hiyo karibu nusu ya safari ya kwenda Marekani ni safari ya kulivuka bara letu wenyewe. Sikuwahi kuuhisi ukubwa wa Afrika kama usiku ule.

Tofauti ya muda kati ya kwenda na kurudi husababishwa na pepo kali za anga za juu, ambazo huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Wakati wa kwenda ndege hupambana nazo, wakati wa kurudi humsukuma msafiri nyumbani. Kuondoka usiku nako kuna faida yake, maana uwanja wa Nairobi uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na ubaridi huisaidia ndege iliyojaa mafuta kupaa.

Kwa anayesafiri na mzee, nashauri aombe kiti cha magurudumu siku ile ile anayokata tiketi, achague kiti cha kando ya ujia, na amwamshe atembee kidogo kila baada ya saa mbili au tatu. Saa za New York ziko nyuma ya zetu kwa saa 7 wakati wa kiangazi chao na 8 wakati wa baridi, hivyo unatua asubuhi na siku nzima iko mbele yako. Mama alishuka na viatu vyake miguuni.