Wakala wa vibali wa Shangani, Mtwara: anaijua kazi, lakini soma kila herufi

Mume wangu ni Mjerumani mstaafu, nami ni mzaliwa wa Mikindani. Aliingia nchini kwa viza ya matembezi ya siku 90, na kwa kuwa tulikusudia kuishi Mtwara moja kwa moja, tulimwendea wakala mmoja wa Shangani atusaidie kuomba kibali cha ukaazi daraja C, ambalo ndilo linalowahusu wastaafu.

Sifa yake kubwa ni kwamba alitueleza mapema jambo ambalo hata shemeji zake mume wangu hawakulijua: ndoa peke yake haimgeuzi mgeni kuwa mkaazi, wala kibali hicho hakimpi ruhusa ya kufanya kazi. Aliandika barua ya maombi, akakusanya cheti cha ndoa, nakala za pasipoti na uthibitisho wa pensheni uliotafsiriwa kutoka Kijerumani, kisha akaziingiza nyaraka zote kwenye mfumo wa intaneti wa Uhamiaji.

Kasoro ni kwamba jina la ukoo la mume wangu aliliandika kwa s moja badala ya mbili, kosa tuliloligundua usiku kwa mwanga wa simu, umeme ukiwa umekatika. Alilirekebisha bila kudai nyongeza, ingawa neno samahani halikumtoka. Ujira wake si mdogo, na risiti hutoa akiombwa tu. Mtakaokwenda kwake, mdaini mbili, moja ya ada ya serikali na nyingine ya kazi yake.