Gereji ya breki Shimanzi: Datsun 240Z imepata balansi, ila mafuta beba yako

Kama una gari la spoti la zamani hapa Mombasa na watafuta fundi anaejua breki kikweli, nenda kwa hawa jamaa wa Shimanzi, baba na mwanawe, gereji haina hata bango, uliza tu kwa wauza spea wa pale watakuonyesha. Nawapa nyota 4 kwa 5, hio moja ntasema imeenda wapi.

Gari ni Datsun 240Z, aina ile ile ilioshinda Safari Rally 1971 na 1973, lakini breki za kiwandani ni za zama zake, mbele disku na kalipa (kile chuma kinachobana disku) ya pistoni mbili, nyuma dramu, na ukishuka Mazeras umebanwa kati ya matrela mawili breki zishapata moto, utasoma dua zote unazozijua. Raha yake ni kuwa huhitaji kuagiza vitu Marekani, kalipa za Hilux 4x4 za 1979 mpaka 1985 zina pistoni nne na zinakaa kwenye matundu yale yale ya bolti, disku ile ile. Kuna kukata kidogo lile bati la kuzuia vumbi, na paipu ya chuma ya kuingia kwenye kalipa inataka kukunjwa mpya. Kijana aliikunja kwa mkono pole pole, kona zote zimetoka duara bila kuminyika hata mahali pamoja, mashallah ana mkono yule.

Sasa hapa ndo wanapowashinda wengine. Gereji nyengine mjini watakufungia kalipa kubwa mbele, wakuuzie na valvu ya skrubu, wakwambie ndo balansi ya mbele na nyuma hio. Mzee alikataa katakata. "Mwanangu, hio valvu kazi yake kupunguza presha ya nyuma, haiongezi. Mbele ushaongeza nguvu, nyuma ndo hoi, sasa utaipunguzia nini?" Akafungua dramu za nyuma kwanza, na kweli, silinda moja ya kusukuma breki shuu imeganda kwa kutu, hii hewa yetu ya chumvi haina huruma, yaani tairi ile ilikua inazunguka tu bila kazi. Silinda mpya pande zote mbili, breki shuu mpya za kushika zaidi, wakazirekebisha mpaka zinagusa dramu kwa mbaali. Masta silinda, ile pampu ya mafuta ya breki unayoisukuma kwa pedali, pia ikabadilishwa ya Datsun 280ZX, ya inchi 15/16 badala ya 7/8, maana pistoni kubwa zanywa mafuta mengi na pedali ingekua inazama. Mzee hakuficha kuwa masta kubwa inataka mguu mzito zaidi kidogo, na kweli ni nzito, mie naipenda hivo.

Kupima wakatafuta barabara isio na watu alfajiri, kijana anaendesha, mzee kasimama kando anaangalia tairi zipi zinafunga, yaani zinaacha kuzunguka, mwanzo. Anataka mbele zitangulie nyuma kidogo tu, kwa sababu nyuma zikitangulia gari inakugeukia. Valvu haikuhitajika, hela yake imebaki mfukoni, na sasa nikikanyaga kwa nguvu pua haiinami vile kama yataka kulamba lami na gari inasimama imenyooka.

Nyota ilioenda: walitaka kutia mafuta ya breki kutoka mkebe uliokaa wazi rafuni, na unyevu huu wa Mombasa! DOT 4, aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishanyonya maji kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, sasa hapo kalipa mpya zitakusaidia nini. Nlipowaambia mzee akanuna kidogo lakini kijana alikimbia kununua mpya. Beba mkebe wako, umefungwa sili. Risiti pia hawatoi mpaka uwasumbue.

Ijumaa wanafunga mapema kwa swala na wakirudi hawana haraka, heri uende siku nyengine.