Uzoefu Wangu na Chombo cha Chuma cha Kuchachushia Bia

Niliacha ndoo ya plastiki baada ya bia yangu kuharibika mara tatu mfululizo kwa uchachu usiotakiwa, ingawa kila mara niliiosha kwa bidii. Bidii hiyo ndiyo iliyoniponza, kwa kuwa sponji ngumu ilikuwa imeikwaruza ndoo kwa ndani, na bakteria walijificha katika mikwaruzo ambayo dawa haikuifikia. Ndipo niliponunua chombo cha lita 25 cha chuma kisichoshika kutu, chenye bomba chini na kifuniko kinachobanwa juu ya pete ya mpira. Nimekitumia mara tisa.

Kwa upande wa usafi nimeridhika sana. Masalia ya povu hutoka kwa kulowekwa tu, kisha nazungusha dawa ya asidi ya kuua vijidudu kwa dakika mbili, nikijua kwamba dawa hiyo haifanyi kazi juu ya uchafu. Bomba, hata hivyo, lazima lifunguliwe vipande vyote kila baada ya matumizi, jambo ambalo maelezo ya mtengenezaji hayakulitaja. Nilipoliruka mara moja, nilikuta utando wa hamira nyuma ya nati.

Oksijeni ilinisumbua zaidi. Hamira huihitaji mwanzoni kabisa, ndiyo maana mimi hutikisa maji ya kimea yakishapoa, kabla ya kuitia. Uchachushaji ukianza, hewa yoyote inayoingia ni hasara, na bia yenye hopsi nyingi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) ndiyo huumia kwanza: rangi hugeuka kahawia, harufu ya matunda hufifia, na ladha ya karatasi iliyolowa hujitokeza. Bomba huniwezesha kuchukua sampuli ya haidromita (kipimo kinachoonyesha sukari iliyobaki) bila kufungua kifuniko, nami huihamisha bia kwa mrija wa mpira unaofika hadi chini ndani ya kegi, yaani pipa la bia, iliyokwisha kujazwa kabonidioksidi.

Kasoro kubwa niliigundua nilipoipoza bia kutoka nyuzi 20 hadi 2. Gesi iliyo juu ya bia ilisinyaa, na vali ya maji iliyo kwenye kifuniko, ambayo hutoa gesi nje kupitia maji, ikavuta hewa ndani pamoja na maji yake. Sasa, uchachushaji ukiwa umepamba moto na hewa ya awali imeshasukumwa nje, naunganisha mfuko usiopitisha hewa ili ujae gesi ya bia yenyewe, na chombo huvuta gesi hiyo ninapoipoza au ninapochukua sampuli. Natamani mfuko huo ungeuzwa pamoja na chombo.