Portastudio 144: traki nne tu na mi naipa nyota zote

Kama umezoea kurekodi kwenye kompyuta hii mashine itakushangaza. Kampuni ya Kijapani TEAC waliitoa 1979, mikisa (kifaa cha kuchanganya sauti) na rekoda ya kaseti ndani ya boksi moja, traki nne basi, yaani njia nne za sauti, kila moja unairekodi peke yake. Kabla yake, mtu wa hela ndogo akitaka kupiga gitaa afu ajiimbie juu yake mwenyewe kwa ubora wa maana ilibidi akodi studio na fundi, huku saa inahesabiwa, nani atajaribu kitu cha ajabu kwa hali hiyo? Hii ikamwezesha kujifungia chumbani mpaka usiku wa manane. Mwanamuziki wa Marekani Bruce Springsteen alirekodia humo nyimbo za Nebraska akiwa nyumbani, zilikuwa demo, yaani rekodi za majaribio za kusikilizisha bendi yake, mwisho wa siku demo zenyewe ndo zikatoka kama albamu mwaka 1982.

Inatumia kaseti ya kawaida ila inaikimbiza spidi mara mbili ili sauti itoke safi zaidi, na traki zote nne zinarekodiwa kwa mkupuo mmoja, kaseti haigeuzwi upande wa pili, kwahiyo kaseti ya dakika 60 inakupa 15 tu.

Utamu wenyewe sasa uko kwenye kuhamisha traki. Unajaza tatu, tuseme ngoma, besi na gitaa, unazimiksi zote kwenda ya nne, afu unarekodi vitu vipya juu ya zile tatu. Besi ikiwa imezidi ndo imezidi hivyo, hakuna kurudi nyuma, na kila ukihamisha ule mvumo wa tepu, shhhh, unaongezeka. Ndo maana unafanya mazoezi kwanza, unaamua mapema, na kuimba unaimba wimbo mzima. Sikuhizi mtu anarudia mstari mmoja mara kibao kisha anaunga vipande, noti iliyopinda inanyooshwa na Auto-Tune, programu ya kurekebisha sauti ya kuimba iliyokuja 1997, na sipingi, ngoma kali zinatoka hivyo, lakini kwenye uimbaji uliorekodiwa kwa kaseti nasikia kabisa mtu anavyovuta pumzi kabla ya kiitikio na hicho kitu nakipenda mno jamani.

Ukiitaka utapata iliyotumika tu. Iwashe usikilize kama spidi inayumba, maana mikanda ya mpira ya ndani inalegea na umri, hedi (vile vichwa vinavyogusa tepu) zisafishe kwa spiriti, kaseti chukua za kromu, zile zilizoandikwa Type II.