VLC au mpv kwa kompyuta kongwe?

Kompyuta yangu ya mapajani ni kongwe, ina mfumo endeshi wa Linux Mint, na kazi yake kubwa hapa Lamu ni kuonyesha video za harusi na za Maulidi ambazo jamaa huniletea kwenye flashi. Vicheza video viwili niliviweka kwa amri moja: sudo apt install vlc mpv.

VLC ilianza 1996, mradi wa wanafunzi wa École Centrale Paris, Ufaransa. Ina menyu na vitufe vya kuonekana. Hata mama anajua pa kubonyeza. Maandishi ya tafsiri yakichelewa, unayasogeza kwa G na H. Basi.

mpv, iliyochipuka kutoka mplayer2, kicheza video kilichoitangulia, ukiifungua unakuta dirisha tupu. Unaburuta faili ndani, mengine ni kibodi: kitufe cha nafasi kusimamisha, mabano ya mraba kubadili kasi. Utamu wake umo kwenye faili la maandishi, ~/.config/mpv/mpv.conf. Mimi nimeandika mistari miwili:

hwdec=auto-safe
save-position-on-quit=yes

Wa kwanza unaikabidhi chipu ya michoro kazi ya kufumbua video, kama inaiweza, prosesa ipumue. Wa pili unakumbuka ulipoishia, mradi ufunge programu mwenyewe. Betri yangu imekufa, kwa hiyo umeme ukikatika haukumbuki chochote!

VLC nayo inaweza hayo, ila uyatafute kwenye mipangilio. Wageni wakija nafungua VLC. Nikiwa peke yangu usiku, mpv.