Hansard ya Uingereza mtandaoni: ya bure, kubwa, na imejaa habari zetu ukijua pa kuchimba

Hii naiandika kwa wenzangu wa kuchimbachimba historia, maana watu wanaulizana kila siku wasome kitabu gani kuhusu Tanganyika ya mkoloni na hamna anaetaja Hansard ya Waingereza. Ni kumbukumbu ya maandishi ya yale yaliyosemwa bungeni kwao, ipo mtandaoni kuanzia 1803, bure kabisa, hamna kujisajili, hamna kadi ya benki wala ile "jaribu siku saba". Kwa mtu wa Dar au Mombasa asiekuwa na nauli ya kwenda Kew kule London kukaa na makabrasha ya makoloni, sijaona nyingine kubwa kama hii ambayo unaifungua umelala kitandani.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni hansard.parliament.uk, huu ndo mpya, una sehemu ya kutafutia, unachagua kuanzia tarehe ipi mpaka ipi, unachagua Commons wanakokaa wabunge wa kuchaguliwa au Lords ya mamwinyi, na majibu yanakuja yamegawanywa, hotuba kivyake, vichwa vya mijadala kivyake, kura kivyake. Wa pili unaitwa Historic Hansard, unaishia 2005, sura yake ni ya kizamani haina mbwembwe yoyote lakini mi ndo naupenda zaidi, maana umepangwa kwa kalenda, unabonyeza kundi la miaka kumi, mwaka, mwezi, siku, unaona siku ile walikaa wakaongea nini toka kipindi cha maswali mpaka wanaenda kulala. Kurasa zake ni maandishi matupu, hata bando la kuungaunga linatosha.

Sasa wengi wanakosea kwenye kutafuta. Ukiandika "Tanganyika" peke yake utamwagiwa matokeo mpaka uchoke, nusu yake ni mbunge katajataja tu koloni kwenye orodha. Inabidi ufikirie kama karani wa enzi hizo. Wamaasai wanaandikwa "Masai", Dar inawekwa vistari "Dar-es-Salaam", karanga mara ni neno moja "groundnuts" mara mawili "ground nuts". Halafu maandishi ya zamani yalisomwa na mashine kutoka kwenye vitabu, herufi zinapotea njiani, na majina ya huku kwetu ndo yanaumia ya kwanza, kwahiyo ukitafuta jina la kijiji ukakosa usikate tamaa, tafuta jina la wilaya au la kesi yenyewe.

Watu nao ni hivyohivyo. Barbara Castle, yule mama wa chama cha Labour aliepiga kelele sana kuhusu Kenya, ukimtafuta kwa jina lake kamili kwenye miaka ya 50 unaweza usimpate, wao wanamwandika "Mrs. Castle" au mbunge wa Blackburn, maana mle ndani wabunge hawaitani majina, wanaitana majimbo. Na mtu akipewa umwinyi anabadilika jina kabisa. Alan Lennox-Boyd aliekuwa waziri wa makoloni 1954 mpaka 1959, baadae anageuka Viscount Boyd of Merton na anahamia Lords. Hapo Historic Hansard inasaidia mno, ina ukurasa wa kila mbunge na kila alichosema kimepangwa kwa mwaka.

Ila siri kubwa ni wizara. Chukua ule mradi wa karanga wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mtu yeyote angeanza kutafuta kwenye maswali ya waziri wa makoloni, si ndo mwenye Tanganyika? Utaambulia kidogo sana. Mradi ule mwanzoni ulikuwa wa Waziri wa Chakula, John Strachey, kwa sababu shida yenyewe ilikuwa Uingereza, baada ya vita hawakuwa na mafuta ya kupikia, watu wanakula kwa mgao, ndo mtu akapata wazo la kulima karanga Afrika ya Mashariki. Ukishajua hilo, milango yote inafunguka. Unakuta hesabu za mpango wa 1946, ekari milioni 3 na laki 2 hivi, pauni milioni 24, unakuta Novemba 1947 wanajadili muswada wa kuunda shirika la kuendesha mambo hayo na matumaini kibao, halafu unaruka mpaka 1951 wanakubali kwamba imekufa na pauni kama milioni 36 zimeenda na maji.

Mi nashauri uisome kinyumenyume. Anza 1951 kwenye kilio, halafu rudi 1950, 1949, 1948, unamsikia waziri akizidi kuwa na furaha kadri unavyorudi nyuma. Na usiishie kwenye jibu la kwanza, lile huwa limeandikwa na maofisa wa wizara, limenyooshwa. Nenda kwenye maswali ya nyongeza, pale mbunge anasimama anauliza kwahiyo hizo tani ngapi zimefika kweli, matrekta mangapi yanatembea, ndo unaona waziri anaanza kutoa jasho kwa maandishi. Kwa mtu wa kusini anaejua habari ya reli ya Mtwara kwenda Nachingwea, ile iliyojengwa kwa ajili ya karanga ambazo hazikuja halafu baadae ikang'olewa, aisee kusoma walivyokuwa wanaigawia hela huku wamekaa bungeni kwao Westminster inauma na inachekesha kwa pamoja.

Kitu kingine ambacho peke yake kinatosha kuipa huduma hii alama ni mjadala wa Hola. Tarehe 3 Machi 1959 wafungwa 11 wa kambi ya Hola kule Kenya walikufa kwa kipigo cha walinzi, na taarifa ya kwanza ya serikali ya koloni ikasema walikufa baada ya kunywa maji kwenye gari la maji. Fungua 27 Julai 1959, juzuu 610, safu ya 181. Ni usiku, kikao kinaenda mpaka saa nane za usiku huko, na saa zimewekwa katikati ya maandishi kwahiyo unajua kabisa nani aliongea wakati wengine wanasinzia. Saa saba na kitu anasimama Enoch Powell, wa chama tawala, yaani upande wa serikali yenyewe. Kuna mwenzake alishawaita wale waliokufa watu wasiofikia ubinadamu, na Powell anamjibu kwamba ni mafundisho ya kutisha kumhukumu binadamu mwenzako ukasema kwa vile alikuwa hivi na hivi, basi kifo chake kisihesabiwe. Halafu anawaambia hawawezi kuwa na vipimo vya Kiafrika Afrika, vya Kiasia Asia, na vya Kiingereza labda nyumbani kwao. Kuisoma kwenye ukurasa wake, na kelele za wenzake kabla na baada, ni tofauti kabisa na kuikuta kipande kwenye kitabu cha mtu.

Na huyuhuyu Powell ndo yule wa 1968 na ile hotuba yake ya chuki dhidi ya wahamiaji. Usihangaike kuitafuta humu, haimo, aliitoa hotelini Birmingham kwenye mkutano wa chama, na Hansard haina habari na hoteli. Kilichomo ni Februari mwaka huohuo, James Callaghan waziri wa mambo ya ndani anapitisha mbiombio sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza, muswada umeenda kwa siku chache tu. Wale wenye ndugu waliotoka Nairobi au Kisumu wakaishia Leicester, someni ile, mtajua bibi na babu walikuwa wanakimbizana na nini. Ya Wahindi wa Uganda waliofukuzwa 1972 nayo ipo.

Mapungufu sasa. Vitabu vya kabla ya 1909 sio maneno ya watu moja kwa moja, vilikuwa vinaokotwa kwenye magazeti, ndo maana utaona "alisema kwamba" badala ya "nasema". Kwahiyo ukisoma 1890 walipokuwa wanabadilishana na Wajerumani, kisiwa cha Heligoland kikaenda kwao na Zanzibar ikawa chini ya ulinzi wa Waingereza, ujue unasoma muhtasari wa mtu. Kuanzia 1909 bunge likaajiri waandishi wake, lakini hata hao wanasafisha, wanatoa marudio na makosa ya wazi, hawaandiki kila "eee" na "mmm".

Kubwa zaidi ni kwamba humu ndani hamna Mtanganyika hata mmoja anaeongea. Tunaongelewa tu. Nyerere wa 1955 yupo kwenye kumbukumbu za Umoja wa Mataifa, sio humu, na Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lililoanza 1926, ambalo Waafrika wa kwanza waliingia 1945, lina Hansard yake mbali na hii. Ukiitegemea hii peke yake utadhani uhuru tuliletewa na wabunge wenye huruma. Isome kama faili la mwenye shamba, ukiwa umeshawasikia wenye ardhi.

Kwa kulinganisha tu, Hansard ya Bunge letu la Tanzania ina utamu wake, Kiswahili safi, (Makofi), (Kicheko), na tangu matangazo ya moja kwa moja yapunguzwe 2016 ndo imezidi kuwa na maana, ila inakuja kama PDF ya kikao kizima, unaishusha yote halafu unatafuta neno ndani. Ya Kenya, miaka mingi ya zamani ipo kwenye Google Books unaisoma mpaka mwisho, watu wengi hawajui. Waingereza wamewazidi wote hapa, kila mchango wa mbunge una kiungo chake, unamtumia mtu anatua kwenye mchango uleule mnaoubishania. Na leseni yao inaruhusu kunakili na kuchapisha mradi utaje ulikotoa, kwa hiyo wenye blogu na podikasti msiogope.

Kama unataka ya sasa hivi, TheyWorkForYou ya mySociety inatumia maandishi hayohayo, unaweka neno "Tanzania" na barua pepe yako, wakilitaja tu unapata taarifa. Mimi kwa hayo ya sasa sina hamu sana, mara nyingi ni maswali ya misaada na utalii.

Nyota nne na nusu, nusu nyingine nimeikata kwa zile herufi zilizosomwa vibaya. Anaeanza leo asikimbilie hotuba ndefu, achague mwaka mmoja wa miaka ya 50, afungue siku za maswali ya waziri wa makoloni, asome majibu ya maandishi ya mwisho wa siku, yale mafupi ambayo hamna mbunge aliyasikiliza. Mishahara, shule, kodi, nani kahamishwa wapi, mengi yako pale, na ukikuta kitu nakili pale pale tarehe, juzuu na namba ya safu kabla hujafunga ukurasa.