Shira ya daraja B, kando ya daraja

Nilikwenda kuona daraja, nikarudi na chupa.

Taftsville, huko Vermont, Marekani, ni kijiji unachoweza kukipita ukikohoa: nyumba chache, duka la matofali mekundu, bwawa dogo la umeme kwenye mto Ottauquechee. Daraja lake la mbao ni la 1836, lina paa na kuta nyekundu kama banda la ng'ombe. Mafuriko ya tufani Irene, Agosti 2011, yaliliumiza likafungwa. Septemba ile ya 2013 lilikuwa limefunguliwa tena. Tulivuka kwa gari, tukarudi kwa miguu ili tuzisikie mbao. Mwanangu akauliza paa ni la nini. Nikamwambia si letu, ni la mbao zenyewe, zisioze kwa mvua na theluji. Karibu na maji, mti mmoja tu ulikuwa umeshaanza kuwa mwekundu. Vitabu vya shule huuita msimu huu wa majani kugeuka rangi vuli, lakini mimi ni mtu wa Mombasa: vuli ni mvua.

Haya, chupa. Mbele kidogo barabarani mzee mmoja alikuwa ameweka meza ya shira ya mepo, ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada. Hugemwa kama mnazi, ila mwisho wa baridi kali, usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha. Maji yake huchemshwa mpaka lita 40 zibaki 1. Kwa hiyo dola 14 kwa painti, karibu nusu lita, sikubishana nazo.

Shira nayo, wakati huo, ilikuwa na madaraja yake. Ya juu, Fancy, ilikuwa ya rangi ya dhahabu. Nilionja nikaona ni maji ya sukari yenye adabu. B ilikuwa nyeusi, ya mwisho wa msimu, na ladha yake ilikuwa ya sukari guru iliyoungua kidogo. Na ndiyo iliyokuwa ya bei nafuu! Sijui wenyeji walifikiria nini.

Nyumbani nikaimwagia kaimati. Mara ya kwanza sikupenda: ni nyepesi kuliko shira yetu, inateremka yote chini ya bakuli. Mara ya pili niliirudisha jikoni na iliki mbili. Angalieni hapo, kwa maana inafura kama maziwa, na jiko langu linanata mpaka leo. Tone la samli huituliza papo hapo. Ikishuka kidogo inashika kaimati vizuri, na mume wangu, ambaye hasifu kitu, alikwenda kuongeza bila kuitwa.

Ukishafungua weka kwenye friji. Ile ya supamaketi, mwaka uliotangulia, niliiacha kabatini ikaota ukungu.

Nyota nne. Ya tano nimeikata kwa sababu ya kile kishikio cha chupa: hakiingii hata kidole changu cha mwisho.